Bado Ana Nguvu Zake

Kabla akili haijaanza kumhama, mke wa fundi viatu alikuwa mfagizi na mpiga kengele wa shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya nyumba yao. Aliianza kazi hiyo kengele ikiwa kipande cha reli kinachoning'inia kwenye nguzo, akaendelea nayo mpaka ikaletwa ya umeme, na hata hiyo ya umeme kitufe alibonyeza yeye. Mtaa mzima ulimwita Mama Kengele. Mumewe aliwaambia wateja kwamba nyumbani kwake hata ugomvi ulikwenda kwa ratiba: muda wake ukiisha mama anainuka anakwenda zake jikoni, umemaliza kusema hujamaliza, shauri yako. Mama naye alijibu kwamba yeye aliolewa na mwanamume aliyemtazama miguu kabla ya uso, kwa hiyo asidaiwe uzuri.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti. Aliolewa, akaachika, na sasa alikuwa mji mwingine akipiga pasi mashuka ya hoteli na kulea wanawe wawili kwenye chumba kimoja cha kupanga. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwaka, likizo ikiruhusu.

Ugonjwa ulianza na mambo ya kuchekesha. Chumvi kwenye chai. Miwani ndani ya ndoo ya mchele. Mama mwenyewe alicheka pamoja nao, kisha siku moja akaacha kucheka, akawa anamwangalia mumewe usoni ili ajue kama alichokisema ni sawa au si sawa. Daktari wa kliniki aliwaeleza kwa upole kwamba ni maradhi ya kusahau, yanawapata wazee wengine, dawa ya kuyaondoa hakuna, na kwamba mama atahitaji mtu wa kuwa naye muda wote. Fundi akasema mtu yupo. Wiki hiyo hiyo alikifunga kibanda chake cha sokoni, akaleta nyundo, gundi, nyuzi na ule mguu wa chuma anaogongea soli, akavipanga barazani kwake. Wateja wengine walimfuata. Wengi waliona mbali.

Taabu yao kubwa ilikuwa kengele. Ikilia ya kuingia darasani, mama hakushtuka. Lakini ikilia ya kwenda nyumbani, popote alipokuwa aliinuka, akajifunga kitambaa kichwani, akatoka. Alikwenda kusimama kwenye geti la shule kama alivyosimama miaka yote, akiwaamuru watoto wasikimbie. Mwanzoni walimu wa zamani walimsalimu, wakamshika mkono, wakamrudisha. Kisha walimu wa zamani wakastaafu mmoja baada ya mwingine.

Siku moja fundi alikuwa amezama kwenye buti la mteja, akichelea uzi usikatike, na alipoinua kichwa kiti cha mkewe kilikuwa kitupu. Mama alikuwa amemshika mkono mtoto wa kike wa darasa la kwanza na kuondoka naye. Mtoto hakulia, kwa sababu kwao alifundishwa kutii wakubwa. Walitembea barabara yote ya maduka, mama akimwambia asiburute miguu, chakula kinapoa nyumbani. Mama mzazi alipofika getini na kumkosa mwanawe, alipiga kelele, na watu wakajaa. Waliwakuta wamekaa kwenye ngazi ya duka la vyombo, Mama Kengele ameinama anamfunga mtoto kamba za viatu. Mwanamume mmoja hakuuliza. Alimpiga kofi la uso mpaka akaanguka. Wengine walikuwa tayari wameokota mawe, na bila mwenye duka kujitupa katikati na kusema huyu mama ni mgonjwa, anajulikana, mambo yangeishia pale pale kwenye ngazi.

Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe nyumbani kwa fundi. Alikaa ukingoni mwa kiti, akaeleza kwamba wazazi walitaka kwenda polisi na amewasihi wamwachie yeye. Kulinda watoto wa watu ni wajibu wake, alisema, wala hana neno baya na mama. Aliomba jambo moja tu, kwamba mama asionekane tena pale getini.

Fundi alijaribu kufunga mlango kwa kufuli. Kengele ikilia, mama aliupiga mlango kwa viganja vyote viwili, akilia kwamba watoto wanapotea, mpaka viganja vikavimba. Alijaribu kumsemesha, kumwimbia, kumpa viatu vya kung'arisha. Mwishowe alikaa chini na kipande cha ngozi ya ndani, ile laini inayowekwa kwenye viatu vya watoto wachanga, akaikata mkanda, akaushonea kitambaa cha fulana upande unaogusa mwili, akapiga mshono mdogo mdogo ambao hakuwahi kumpigia mteja yeyote. Upande mmoja aliufunga kwenye kifundo cha mkono wa mkewe, upande wa pili kwenye mkono wake wa kushoto. Wakawa wanakaa barazani hivyo, yeye anagonga, mkewe yuko pembeni yake. Akienda msalani aliufunga upande wake kwenye nondo ya dirisha.

Majirani waliona. Aliyepita alisalimu na kuangalia kwingine. Mama wa nyumba ya pili alisema afadhali hivyo kuliko kupigwa, na hilo ndilo likawa neno la mtaa.

Binti alipokuja likizo na wanawe aliwakuta wazazi wake barazani wamefungwa pamoja. Baba akamkaribisha kwa furaha, akaanza kumwambia wajukuu wanyooshe miguu waje wapimwe viatu. Binti hakumsikia. Alipiga magoti mbele ya mama yake, akaufungua mkanda, na chini yake akakuta ngozi imechubuka pande zote na kutoa maji. Mkanda ulikuwa laini, lakini mama aliuvuta kila siku kengele ikilia, kwa nguvu zake zote.

"Baba, hiki ni kidonda."

"Ninakipaka dawa."

"Unampaka dawa, halafu unamfunga tena."

Fundi aliuokota ule mkanda. "Nikimwachia watamuua," alisema. "Wewe hukuwaona siku ile."

Siku zilizofuata walizungumza lile lile kwa njia tofauti. Binti alisema atamchukua mama. Baba akamuuliza atamwachia nani akienda kupiga pasi, wale watoto au yule mwenye nyumba anayelalamika hata mtu akikohoa. Binti alimwosha mama yake, akamsuka, akalala naye kitanda kimoja. Kila kengele ilipolia alimzunguka kwa mikono miwili na kumshikilia, na akashangaa mwili ule mdogo una nguvu kiasi gani. Hapo alimwelewa baba yake. Ila kidonda alikuwa amekiona, na hakuweza tena kujifanya hakukiona.

Likizo ikielekea ukingoni alimfuata barazani. "Nakwenda ofisi ya ustawi wa jamii," alisema. "Nakwambia wewe kwanza, usije ukasikia kwa watu."

Baba alikuwa anavuta uzi. Aliuvuta mpaka mwisho. "Nenda," alisema. "Labda wana mtu wa kutusaidia."

Hicho ndicho alichokwenda kukiomba. Afisa ustawi alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa koti juu ya gauni la nyumbani kama mtu aliyetoka kwa haraka, na meza yake ilikuwa na faili mpaka hakuna pa kuweka kiwiko. Alisikiliza bila kumkatiza. Binti alieleza kwamba baba yake anampenda mkewe, hampigi, hamnyimi chakula, anachohitaji ni mtu wa kuja mchana kukaa na mama ili yeye afanye kazi. Afisa alivua miwani. Alisema mpango wa wasaidizi wa majumbani upo, sera imeupitisha, na ni mpango mzuri sana. Lakini kwao bado haujafika, na hajui utafika lini. Kilichofika ni sheria ya kuwalinda wasiojiweza na makao ya wazee yaliyo nje ya mji. Na sheria inasema mtu asiyejiweza hafungwi, si kwa kamba, si kwa mnyororo, si kwa chochote, na anayemfunga hata awe mume hana ruhusa hiyo. Ilitungwa, alisema, baada ya watu kukutwa wamefungwa kwenye mabanda ya mifugo. Yeye mwenyewe amewahi kumtoa mmoja.

Binti akasema basi asahau aliyoyasikia. Afisa akamjibu, kwa sauti ya chini, kwamba akishaambiwa hana namna ya kutoambiwa. Ila atajitahidi mzee asishtakiwe.

Hakushtakiwa. Afisa alifika nyumbani na daktari, wakakagua kidonda barazani, kisha familia ikaitwa mbele ya hakimu, katika chumba kidogo chenye feni mbovu, siyo mahakamani kwenyewe. Mkanda uliwekwa mezani. Hakimu aliuchukua, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye ule mshono, akaurudisha chini taratibu. Alimwita fundi "mzee wangu". Alimweleza kwamba hakuna anayemwona mkatili, lakini kidonda kimeonekana na kimeandikwa na daktari, na yeye kazi yake ni kumlinda asiyeweza kujisemea. Mama atapelekwa makao ya wazee, atatunzwa bila malipo.

"Sawa," alisema fundi. "Basi na mimi niandikeni. Tutakwenda wote."

Hakimu alimtazama afisa. Afisa akaeleza kwamba makao yanapokea wasio na mtu na wasioweza kujihudumia. Mzee ana nyumba, ana kazi ya mikono, ana mtoto, anatembea mwenyewe. Wenye hali mbaya kuliko yake wanasubiri nafasi. "Wewe, mzee, bado una nguvu zako," alisema, na alilisema kwa heshima, kama mtu anayempongeza mwenzake.

Fundi alitazama mikono yake juu ya magoti. Huenda ilikuwa mara ya kwanza kwake kuionea haya.

Gari la ustawi lilikuja asubuhi. Mama alipanda bila ubishi, akifurahia dirisha, akawapungia watu wa mtaani. Fundi alitaka kupanda naye, akaambiwa kwa utaratibu ni bora asubiri mpaka mama azoee. Gari lilipoondoka aliendelea kusimama barabarani. Binti alimshika kiwiko wakarudi ndani. Kesho yake likizo yake iliisha, akaondoka. Baba alimsindikiza mpaka mlangoni tu, na kwaheri yake ilikuwa ile anayompa mteja.

Makao yalikuwa mahali pazuri, na hilo ndilo lililomchanganya fundi. Alipokwenda mara ya kwanza alijiandaa kukuta uchafu. Alikuta mabweni mawili, la wanawake na la wanaume, ua uliofagiliwa, nguo safi kwenye kamba, harufu ya sabuni. Uzio ulikuwa mrefu na geti lina mlinzi, kwa hiyo wazee waliosahau waliachwa watembee wanavyotaka. Na hapakuwa na shule karibu. Mama hakusikia kengele. Kutwa nzima hakuna kilichomwita. Kidonda kilikauka, mashavu yakajaa, akawa anawasaidia wahudumu kukunja nguo na kuwagombeza wenzake wasioosha mikono.

Lakini amri ya hakimu ilimtaja fundi kama mtu aliyemfunga, hivyo hakuruhusiwa kukaa na mkewe peke yao. Siku za wageni mhudumu alivuta kiti akakaa baina yao akifuma sweta, mwanamke mwenye adabu ambaye alijitahidi kuonekana hasikii. Fundi aliona aibu kumwambia mkewe maneno ya nyumbani mbele ya mtu mwingine. Alimuuliza kama amekula. Alimuuliza kama analala. Mama alimjibu vizuri, kama unavyomjibu mgeni, na siku moja alimuuliza mhudumu kwa kunong'ona yule bwana mwenye mikono ya gundi amekuja kumwona nani.

Siku ambazo si za wageni alikuja pia. Mlinzi alimzoea, akamwachia benchi la nje ya geti. Kutoka pale aliweza kumwona mkewe akipita uani, mara akielekea jikoni, mara akirudi, hana habari. Mlinzi alimuuliza mbona anajitesa na safari yote hiyo. Fundi akamwambia nyumbani hakuna cha kuangalia.

Binti alipata ruhusa ya siku mbili, akaja kumwona mama yake bila kupita nyumbani, kwa kumwogopa baba. Akamkuta palepale benchini. Alikaa kando yake. Uani mama alikuwa anaanika mashuka na wenzake, na alikuwa anacheka.

"Amenenepa," alisema baba.

"Ndiyo."

"Kidonda kimepona kabisa. Kovu hata halionekani." Akajifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Ulifanya sawa, mwanangu."

Aliyasema kama mtu anayerudisha kitu alichoazima, na binti akatamani angemtukana. Alitaka kumwambia aje wakae wote kule mjini. Alikumbuka chumba, watoto, mwenye nyumba, akasema atalitafutia njia. Baba akaitikia kwa kichwa. Alimwuliza wajukuu wanavaa namba gani sasa, akataja namba mwenyewe kabla hajajibiwa, na alikuwa amepatia.

Baada ya hapo wateja ndio walioanza kuona. Viatu vilirudi vimegundishwa tu, havikushonwa. Fundi alikuwa anakohoa. Mama wa nyumba ya pili alimpelekea uji, akarudi kuchukua bakuli akalikuta limejaa vile vile. Alimwambia aende hospitali. Akajibu ni kifua tu, kitapita. Afisa ustawi alifika makaoni kila alipotakiwa kufika, akamkagua mama, akaandika kwamba anaendelea vizuri. Nyumbani kwa fundi hakuwa na kazi tena. Hakuna aliyepewa jukumu la kwenda kumtazama mzee mwenye nguvu zake.

Safari za makaoni zikapungua, kisha zikakoma. Mlinzi alidhani amechoka. Na mkewe hakumuulizia.

Aliyemkuta alikuwa mteja aliyefuata viatu vyake mchana. Fundi alikuwa amekaa barazani, ameegemea ukuta, buti la watu mapajani, sindano imebaki katikati ya tundu. Mteja alimsalimu mara kadhaa kabla ya kuelewa. Hospitali walisema ni mapafu, yalikuwa yameharibika kwa muda mrefu, na kwamba angefika mapema yangetibika.

Afisa ustawi alikuja mazikoni. Alisimama nyuma, na watu walipotawanyika akamfuata binti, akampa pole, akashindwa kuondoka. "Nilikaa kwenye baraza lile," alisema. "Nilikunywa maji yake. Nilikuwa namtazama mama tu." Binti alitaka kumlaumu, akatafuta pa kuanzia, asipapate. Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda ofisini, na angeulizwa leo mbele ya kidonda kile, angekwenda tena. Walisimama wote wawili wakitazama vijana wakikusanya makoleo.

Kesho yake alikwenda makaoni. Njiani alijiuliza kama ana haki ya kumwambia, au ana haki ya kutomwambia. Mama alikuwa ameketi uani kivulini na kipande cha mkate na chai. Alifurahi kupata mtu wa kuzungumza naye, akamsogezea nafasi. Binti alimshika mkono, akasema mumewe amefariki, yule fundi viatu, wamemzika jana.

Mama alisikiliza kwa makini. Uso wake uliingia huzuni ya kweli, ile ya mtu mzima aliyeona misiba mingi na kujua yampasayo.

"Poleni sana," alisema. "Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema. Alikuwa na watoto?"

"Alikuwa naye mmoja."

"Maskini. Mkubwa?"

"Mkubwa, mama. Ana watoto wake."

"Afadhali," alisema mama. Kisha akaona machozi ya mgeni wake. Hakuuliza zaidi. Aliumega mkate, akampa kipande kikubwa, akamwambia ale, asikae na njaa, na wakati binti anatafuna asichoweza kumeza, mama alikuwa anamsugua mgongo polepole, akimwambia basi, basi, yatapita.